Kusema "sitaki" kuliko kusema "sina"

Wiki mbili sasa tangu niandike kwenye grupu ya WhatsApp ya familia maneno manne tu: "Mimi hii sitatoa. Samahani." Mchango ulikuwa wa ndoa ya mtoto wa binamu ya mama, kijana ambaye nimemuona mara mbili maishani na mara ya pili alikuwa amelala. Mjomba alikuwa ameshatuma orodha, kila mtu na hesabu yake pembeni ya jina, mimi dola 50, na hakuna mtu aliniuliza kama niko nazo ao kama nataka. Nilipotuma yale maneno kimya kikaingia, kile kimya cha watu wanaoandika na kufuta, unaona tu "anaandika", "anaandika", halafu hakuna kitu. Kisha mjomba akaja: "Njo matokeo ya kusoma vitabu ya bazungu."

Sawa, vitabu nilisoma, siwezi kukataa. Niko na sekretaria publike ndogo huku Katindo, mjini Goma, mashariki ya Kongo, mashini moja ya fotokopi, ordinatere mbili, na umeme ukikatika sina kazi ingine zaidi ya kusoma. Lakini kitu chenye nataka kusema hakikutoka kwenye kitabu. Hapa Goma sisi wote tunajipenda kwanza, tofauti ni kama tunajificha. Nani hana simkadi mbili, moja ya kupokea pesa na moja ya kupokea ndugu? Niko na rafiki alinunua moto (pikipiki) ya kufanyisha taksi, mwaka mzima moto inalala kwa jirani ili wakwe zake wasijue kama ni yake. Ukimuuliza mtu pesa anakuambia "sina", "mambo ni nguvu", "ningojee kidogo", na saa hiyo hiyo mfuko wake wa nyuma umevimba. Tumekuwa mabingwa wa "sina". "Sitaki" hatuijui kabisa, ni kama tusi.

Na neno lenyewe ni tusi kweli. Mtu akikuita mbinafsi umekwisha, hata kama ndani ya hilo neno kuna nafsi tu, kitu chenye kila mtu alizaliwa nacho. Huyu mama Ayn Rand, mwandishi wa Marekani, alifanya mchezo huo huo kwa Kiingereza, mwaka 1964 alichukua neno lao la ubinafsi, tusi vilevile, akaliweka juu ya jalada la kitabu akasema hiyo ni sifa njema. Mi sipendi namna yake ya kuandika, anahubiri kuliko pasta, lakini ukijua ametoka wapi unamuelewa. Alizaliwa Urusi, Saint Petersburg, 1905, baba yake alikuwa na famasi, wakomunisti wakaingia wakaichukua kwa jina la watu wote. Sasa muulize mzee yeyote wa hapa habari za 1973, Mobutu alivyotangaza zairianizasio, maduka na mashamba ya wageni yakachukuliwa "kwa ajili ya Wazairwa", Wazairwa wenyewe waliopata wakawa wakubwa na rafiki zao, na baada ya muda mfupi rafu hazina hata sabuni. Mtu akikuambia "ni ya sisi wote", uliza kwanza funguo iko kwa nani.

(Kuna na mwingine, Max Stirner, Mjerumani, huyo alisema hata taifa, hata Mungu, hata "binadamu" ni vivuli tu, kila mtu na nafsi yake. Mzuri. Halafu akachukua pesa ya urithi ya mke wake akafungua biashara ya maziwa Berlin, ikaanguka. Ya mke wake!)

Narudi kwa mjomba, juu hakuishia pale. Alinipigia usiku, akanikumbusha kama nilisomeshwa na familia. Hapo njo maneno yaliniuma, kwa sababu si kweli. Nilisomeshwa na mama mdogo. Alikuwa anashuka Kituku, soko la ziwani, saa kumi na moja asubuhi, baridi ya ziwa unaijua, anangojea mitumbwi ya sambaza, wale samaki wadogo, ananunua kwa beseni, anapanda nayo kichwani mpaka Birere, na jioni anafungua fundo ya kitenge kiunoni anahesabu noti zenye kunuka samaki, hizi za chakula, hizi za prime ya walimu (pesa yenye wazazi wanawalipa walimu), kila siku, miaka kumi na moja. Huyo mjomba wakati ule alikuwa anafanya kazi kwenye ofisi moja na tai shingoni, na siku moja nilifukuzwa shule nikaenda kumuona, akaniambia nini? "Sina."

Kwa hiyo deni niko nalo, na deni langu liko na sura, liko na jina, linaumwa magoti na linapenda chai ya tangawizi. Kila mwezi naenda kwake Majengo na kitu, hakuna orodha, hakuna mtu wa kuniandikia hesabu, na sihesabu kama ni sadaka. Rand yuko na mfano wake pale, anasema mtu akimaliza mali nyingi kumtibu mke wake anayempenda, hajajitoa mhanga hata kidogo, amenunua kitu chenye kina bei kubwa kwake kuliko mali. Nilivyosoma pale niliwaza magoti ya mama mdogo. Lakini familia kama familia inakopa kwa jina lake, inachukua ile sambaza yake inaifanya dhamana ya kila ndoa, kila komunyo, kila mtoto wa binamu. Hapo mi nakataa.

Watanijibu Mwafrika haishi hivyo, mtu ni watu. Nasikia. Lakini hao hao wazee njo walitufundisha mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na huyo aliyetunga hakuwa amesoma kitabu ya mzungu. Tena angalia likelemba. Mama mdogo yuko kwenye likelemba ya wamama kumi na wawili pale pale Kituku, kila posho (wiki) dola 5, mmoja anabeba 60, na daftari iko, na zamu iko, na hakuna mtu aliyeingizwa kwa nguvu, na ukishindwa kulipa wanakujia mlangoni wote kumi na mmoja na hawana haya. Huko sijawahi kusikia mtu anasema "sina". Kwa nini? Juu kila mmoja alisema "ndiyo" na mdomo wake mwenyewe. Kwetu kwenye orodha ya mjomba hakuna aliyesema ndiyo, njo maana tunabaki na kujificha.

Hapa ningeweza kufunga nikaonekana mwerevu, lakini kuna usiku mmoja unanisumbua. Jumamosi 22 mei 2021 mbingu juu ya Nyiragongo, volkano yetu, iligeuka nyekundu, na mi kitu cha kwanza nilikamata ni mashini ya fotokopi, usicheke, ilikuwa bado ninalipa deni yake, nikapata mtu wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, nikampa pesa yote ya siku atusukumie. Hatujafika mbali tukamkuta mama mmoja mzee amekaa juu ya jiwe la volkano pembeni ya barabara, mguu umevimba, na watu wanampita kama maji. Sikuwaza filozofi yoyote. Tulishusha mashini tukaiacha pale pale, tukampandisha yeye. Lava ilisimama Buhene, kesho yake nilirudi, mashini haikuwepo bila shaka. Siku chache baadaye, tarehe 27, gavana akasema kartie (mitaa) kumi zitoke, tukaenda Sake kwa miguu, na kule mtu ambaye simjui jina mpaka leo alitulaza watu kumi na wanne ndani ya nyumba ya mbao, akapika sombe sufuria kubwa, hakuuliza kabila, hakuuliza mtatoka lini.

Rand anajibu hiyo pia, aliandika mwaka 1963 juu ya mambo ya dharura. Anasema meli ikizama, saidia wenzako, ni sawa, bila kujiua, lakini mkishafika nchi kavu kila mtu ashike njia yake, huna deni la kuwabeba maisha yote, kwa sababu hali ya kawaida ya binadamu si kuzama. Pale New York, nakubali. Lakini hapa, nchi kavu iko wapi? 1994 wakimbizi na kolera, 2002 lava ikakata mji katikati mpaka ziwani, 2012 vita, 2021 hiyo nimesema, januari 2025 vita tena, na mabanki yakafunga. Katikati ya meli moja na ingine tunapata muda wa kukausha nguo tu. Kwa mtu wa hapa orodha ya mjomba, na ubaya wake wote, ni bima, hana ingine. Hiyo nilichelewa kuiona na inabidi nimpe haki yake.

Lakini bima nzuri inasema unalipa nini na utapata nini. Kwa hiyo wiki iliyopita nikarudi kwenye grupu nikaandika kirefu: tufanye kama likelemba, anayetaka aingie, asiyetaka abaki ndugu vilevile, ugonjwa tunatoa, kifo tunatoa, kukimbia tunatoa, ndoa na bafle (spika za muziki) na keki kila mtu na mfuko wake. (Hizo bafle tena. Kuna Mwingereza, John Stuart Mill, alisema 1859 kama mtu afanye atakacho mpaka pale anapomuumiza mwenzake, naona hakuwahi kulala pembeni ya ukumbi wa sherehe wa Goma.) Kwenye grupu hakuna aliyejibu. Pembeni, kwa siri, watu watano wameniandikia "yaya, mkubwa wetu, uko sawa, lakini usiseme kama nimekuandikia."

Jana mjomba alikuja ku sekretaria. Sikumtegemea. Akatoa kwenye bahasha karatasi nne za kiwanja chake, anataka kopi, akasimama akingoja huku anaangalia ukuta wenye tarifa. Zamani nilikuwa namfanyia bure halafu namsema nyuma siku nzima. Nikamwambia, "Mjomba, ni franka 400." Alinitazama muda mrefu. Akatoa noti ya 500, akaiweka juu ya mashini, akakunja karatasi zake pole pole, na hakuondoka. Alikuwa anangojea mia yake.