Kabla ya bei, uliza jenereta iliingiaje nchini

Jamaa yangu wa Mwanga, hapa Kigoma, alinipigia simu usiku, furaha tele. Mkandarasi fulani amemaliza kipande chake cha barabara, anafunga kambi na kuuza vifaa. Kuna jenereta kubwa, bado inapiga kazi, bei nusu ya dukani, na mteja yuko Bujumbura. Kwangu mimi, wakala wa forodha, alitaka karatasi tu, ivuke mpaka wa Manyovu kuingia Burundi.

Asubuhi tukaenda kuiona. Chini ya rangi ya njano iliyopakwa juujuu bado yalisomeka maandishi ya mradi. Nikasugua kibati cha namba ya injini kwa kidole chenye mate, nikamuuliza muuzaji iliingiaje nchini. "Kihalali kabisa, mzee, nyaraka zote zipo." Kweli zilikuwepo, na ndizo zilizomuumbua: iliingia kwa msamaha wa kodi.

Msamaha ule ulitolewa kwa ajili ya barabara ile. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inasema bidhaa iliyoingia bila ushuru, au kwa ushuru pungufu, ikiuzwa kwa matumizi mengine, inadaiwa ushuru kwa kiwango cha siku inapouzwa. Anayekwepa ushuru huo anahatarisha mali yenyewe kutaifishwa, hata kama mnunuzi ameshalipa hela yake. Mtambo ulioingia kwa muda nao una masharti yake: urudishwe nje ndani ya miezi 12, na dhamana ya ushuru iliyowekwa haifutwi mpaka ushahidi wa kutoka uonekane.

"Si naipeleka nje!" jamaa akasema. Sisi watu wa Kigoma hapo ndipo tunapojikwaa. Tumezoea kwamba ukishapita Manyovu, au boti ikishang'oa nanga bandari ya Kibirizi, umetoka. Kwa sheria hiyo, kusafirisha nje ni kutoka nje ya nchi wanachama wa Jumuiya, na Burundi ni mwanachama tangu 2007. Kongo nayo iliingia 2022. Kwa hiyo safari ya Bujumbura haifuti deni la jenereta.

Sheria yenyewe naiona ya haki. Fundi wa Ujiji anayeagiza jenereta yake kwa kodi kamili hawezi kushindana na aliyesamehewa kisha akaingia sokoni kimyakimya. Kinachonikera ni kwamba mnunuzi hana pa kuuliza. Faini za gari tunaziangalia mtandaoni kwa namba ya gari tu. Namba za mitambo yenye msamaha Mamlaka ya Mapato (TRA) wanazo kwenye kumbukumbu zao. Wangeziweka wazi vivyo hivyo, ili mtu aandike namba ya injini ajue kama kodi bado inadaiwa, badala ya kutegemea mate ya wakala. (Najua, najinyima riziki kwa kusema haya.) Na ifanyike mapema. Reli ya kisasa (SGR) ya Tabora hadi Kigoma inajengwa, mitambo ni mingi, na kambi zile nazo zitafungwa siku moja.

Nilimwambia jamaa aende na muuzaji forodhani, kodi ikadiriwe na ilipwe kwanza, ndipo atoe hela. Muuzaji amekwishapunguza bei mara mbili. Forodhani bado hajataka kwenda.