Herufi F na Sinema ya Mama Mkwe

Mke wangu hakuomba kompyuta. Aliomba kijisanduku cha filamu, kile unachokichomeka nyuma ya televisheni kisha unakisahau. Mimi na shemeji, kaka yake, tukamweleza kwa upole kwamba vijisanduku ni vya watu wasiojua mambo. Sisi tungeunda kompyuta ya sebuleni kwa mikono yetu: ndogo, kimya, ya bei ya chini, na ndani yake zingekaa filamu zote pamoja na picha za harusi za ukoo mzima. Akatutazama mmoja baada ya mwingine, akasema, "Haya." Aliyeoa anaijua hiyo "haya".

Na kwa kweli kazi yenyewe si kubwa. Kompyuta ya kuonyesha filamu haihitaji misuli. Inachohitaji ni sehemu ya grafiki, ile inayoshughulikia picha, inayojua kuifungua video yenyewe, bila kuitupia mzigo prosesa, ubongo wa kompyuta. Filamu nyingi za 4K, zile za picha kali, hubanwa kwa kodeki ya HEVC (kodeki ni njia ya kuibana video na kuifungua), mara nyingi ya biti 10 za rangi, na grafiki iliyomo ndani ya prosesa za Intel tangu kizazi cha 7 huifungua bila kutoka jasho. Ubao mama wa Mini-ITX, ule mdogo wa kubebea sehemu zote, una sentimita 17 kwa 17. RAM ya GB 8 inatosha na kubaki. Weka SSD, diski ya kasi, ndogo ya mfumo, weka Kodi, programu ya kuonyeshea filamu, ongeza diski kubwa ya kuhifadhia, umemaliza. Orodha ya kuandika nyuma ya bahasha.

Sisi tulikesha nayo. Shemeji hawezi kununua kitu bila kukitazama kilichokaa juu yake. "Shemeji, ukiongeza kidogo tu," anasema, na hiyo kidogo tu ndiyo iliyotutoa kwenye prosesa ya koa 4, yaani viini 4 vya kufanyia kazi, ikatufikisha kwenye ya koa 6.

"Koa 6 za kuangalia filamu?" nikauliza.

"Za siku za mbele."

Siku za mbele hazina hoja ya kuzipinga. Ila bajeti ilikuwa ya siku hizi hizi, kwa hiyo ikabidi tutafute pa kupunguza, na hapo ndipo tulipoiona: prosesa ile ile, jina lile lile, namba zile zile, mara mbili kwenye ukurasa mmoja. Moja ilikuwa nafuu kuliko mwenzake. Tofauti yake ni herufi F mwishoni.

"Hii F ni ya nini?"

Shemeji hakusita hata kidogo. "Faida. Huoni bei?"

Tukainunua.

Siku ya kuunganisha ilikwenda vizuri mno. Hakuna skrubu iliyobaki mkononi, hakuna iliyopotelea chini ya kochi. Tukabonyeza swichi: taa ikawaka, feni ikazunguka, shemeji akanipa mkono. Televisheni ikaandika kwamba hakuna mawimbi. Tukabadilisha waya wa HDMI. Tukabadilisha tundu la televisheni. Tukachomoa RAM, tukaipuliza, tukairudisha, kwa sababu kila fundi duniani hupuliza kitu. Hakuna mawimbi. Shemeji akaanza kuituhumu televisheni, na mke wangu, aliyekuwa anapita na nguo za kupiga pasi, akasimama kwanza kuitetea.

Hatimaye shemeji akaenda kusoma kwenye simu, chumbani, peke yake. Aliporudi alikuwa anaongea taratibu kama daktari. F maana yake ni kwamba prosesa haina grafiki ndani. Intel wenyewe wanalieleza hilo bila kuficha, kwa yeyote anayefikiria kuuliza. Tundu la HDMI nyuma ya ubao mama lipo, limepakwa rangi ya dhahabu, lakini prosesa ya F ikikaa pale, tundu hilo ni mlango uliochorwa ukutani.

"Kwa hiyo faida ni ya nani?" nikamuuliza.

"Usijali, shemeji. Nina kadi ya grafiki."

Kadi aliileta imeviringishwa kwenye taulo. Ilikuwa ya kuchezea michezo, ya enzi zake za ujana, na ina feni 2. Kasha letu ni jembamba, la kupokea kadi fupi za nusu kimo, na hii ilikuwa na kimo chake kamili na haikuwa tayari kuinama. Tukaiacha imesimama, kasha wazi, kifuniko tukakiegemeza ukutani. Mke wangu akauliza kama hilo ndilo umbo lake la mwisho. Shemeji akasema ni kwa ajili ya hewa.

Picha ikaja, lakini kishale cha kipanya kilitembea kwa kurukaruka. Kadi ilikuwa na HDMI 1.4, ambayo kwa 4K inaishia fremu 30 kwa sekunde. 60 zilikuja na HDMI 2.0 mwaka 2013. Hilo tungelivumilia, filamu nyingi ni fremu 24. Balaa ni kwamba kadi hiyo ilizaliwa kabla HEVC haijafika mjini. Ilijua kufungua H.264, kodeki iliyotangulia, basi. Kwa hiyo kila filamu ya 4K ikawa inaangukia kwenye prosesa nzima nzima.

"Unaona?" shemeji akasema, uso umemwangaza. "Tungechukua koa 4 leo tungekuwa wapi?"

Koa zote 6 zikachapa kazi, zikapata moto, na kale kafeni ka prosesa kakaanza kulia. Feni ndogo, ili isukume hewa ya kutosha, haina budi kuzunguka kwa kasi kubwa, nayo huzunguka kwa filimbi. Chini yake feni 2 za kadi zikawa zinaunguruma. Tukaongeza sauti ya televisheni. Mashine ikaona kama tunashindana.

Jioni hiyo ndiyo mama mkwe aliyokuja.

Filamu ilikuwa ya siri. Wanaume wawili wamekaa ndani ya gari usiku, wananong'onezana, na bila hayo manong'ono huelewi lolote linalofuata. Sisi tulisikia feni.

"Anasemaje huyo?" mama akauliza.

Shemeji, badala ya kukiri kuwa hasikii, akasoma midomo. "Anamwambia anataka kumuoa dada yake, Mama."

Mwingine akatoa bastola.

"Hajakubaliwa," shemeji akaendelea.

"Na hana adabu," mama akasema, akasogeza kiti.

Kuanzia hapo shemeji alikuwa na kazi. Mpelelezi akawa baba mdogo wa bibi harusi. Mkoba wa nyaraka za siri ukawa na barua za mapenzi. Jengo lilipolipuka, yalikuwa ni ya mirathi. Mama aliuliza maswali, shemeji akajibu yote bila kuyumba, na mwishoni mama alilia kweli, pale ambapo gari lilikuwa linaegeshwa tu.

Baadaye ile prosesa ya F ilipata mtu, maana mwenye kadi yake nzuri haoni hasara yoyote ndani yake. Tukachukua ndugu yake asiye na herufi, kadi ikarudi kwenye taulo, kifuniko kikafungwa. HEVC ikawa inafunguka prosesa ikiwa imelala, na feni ikawa haisikiki mpaka uweke sikio.

Mama mkwe akaja tena. Nikamwekea filamu ile ile, kwa fahari, ili safari hii aisikie. Gari, usiku, manong'ono, kila neno safi. Akasikiliza mpaka bastola ilipotoka, akageuka akanitazama kwa huruma.

"Baba Asha, hawa wanasema uongo," akasema. "Punguza sauti, mwanangu atueleze."