Laptopu imelala, kuamka imegoma

Jamani, hii laptopu ya Linux itanitoa roho! Jana niliilaza ule usingizi mzito, wa kumwaga RAM yote (kumbukumbu ya kazi zilizo wazi) kwenye swapu (sehemu ya akiba kwenye diski), ili leo niendelee nilipoishia. Asubuhi nawasha: skrini nyeusi, kistari kinapepesa juu kushoto, dakika 20 nzima. Nikaizima kwa nguvu. Kuwasha tena, ikanitupa kwenye initramfs, kile kimfumo kidogo cha kuwashia chenye skrini ya kuandika amri tu, eti mfumo wa mafaili una hitilafu, endesha fsck (amri ya kukagua na kurekebisha mfumo huo) mwenyewe. Mwenyewe! Hata chai sijanywa! Nikaandika fsck -y /dev/sda2, yaani irekebishe sehemu hiyo ya diski bila kuniuliza kila kitu, ikajirekebisha, nikaandika exit, ikafunguka. Na ile ripoti niliyoiacha wazi bila kuihifadhi? Imekwenda na maji. Kitufe cha kulaza kipo palepale kwenye menyu, kinanichekea tu.