Maude Adams hakutoweka

Asanteni kwa makala, ila pale mlipoandika kwamba mwigizaji wa Marekani, Maude Adams, alitoweka baada ya kuacha jukwaa mwaka 1918, mmemwonea. Mama huyu, ambaye mwaka 1905 alicheza Peter Pan, yule mvulana asiyekua wa tamthilia, pale New York na kuwasihi watoto ukumbini wapige makofi ili kichimbakazi wa hadithi hiyo asife, alihamia mji wa Schenectady, kwenye maabara za kampuni ya umeme ya General Electric. Huko alihangaika na mafundi kutafuta balbu kubwa yenye mwanga wa kutosha kupigia filamu za rangi. Huko ndiko kutoweka? Mwaka 1931 akarudi jukwaani akicheza Portia, mhusika wa tamthilia ya Shakespeare, kisha akafundisha uigizaji Chuo cha Stephens, Missouri. Tafadhali sana, irekebisheni sentensi ile.