Tusiusingizie upepo

Ndege ndogo ikipoteza mwelekeo wakati wa kuruka na kuishia majanini, taarifa ya kwanza huwa fupi: upepo mkali. Watu husikitika, humshukuru Mungu kama hakuna aliyekufa, na mjadala huishia hapo. Mimi jibu hilo halinitoshi. Upepo hupimwa, na huonekana kwenye mfuko wa upepo pembeni ya kiwanja. Kuna mtu aliuona akaamua kuondoka, na pengine kuna wengine waliomharakisha.

Upepo unaovuma sawasawa kutoka mbele humsaidia rubani. Taabu ni dharuba, upepo unaokuja kwa vishindo kisha ukakatika. Chukua Cessna 172, ndege iliyoundwa kwa wingi kuliko nyingine yoyote duniani. Uzito wake wa juu wa kuruka haufiki kilo 1,200, na huacha ardhi kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa hivi. Mwendo unaohesabika hapo ni wa hewa inayopita kwenye mabawa, si wa magurudumu. Dharuba ikiipiga usoni, inanyanyuka kabla ya wakati wake. Ikikatika ghafla, mwendo wa hewa unapungua papo hapo, mabawa hayabebi tena, ndege inaanza kushuka. Mkono wa binadamu hapo unataka kuvuta usukani ili ipande. Ukivuta kupita kiasi, bawa moja linaweza kuishiwa nguvu kabla ya jingine, ndege ikalala upande ikiwa mita chache tu juu ya ardhi.

Upepo wa ubavuni una mambo yake. Unausukuma mkia, pua inageukia kule upepo unakotoka. Ndege nyingi za propela moja huvuta kushoto injini ikiwa kwenye nguvu zote, kwa hiyo upepo wa kushoto unaongezea mzigo ambao tayari upo. Kitabu cha Cessna 172 kinataja upepo wa ubavuni wa kilomita 28 kwa saa hivi. Hilo si katazo. Ni kiwango kilichothibitishwa kwenye majaribio, tena mikononi mwa rubani mzoefu. Mwanafunzi mwenye leseni ya juzi asijipime nacho.

Tabora ina la ziada. Kiwanja chake kiko karibu mita 1,180 juu ya usawa wa bahari, na joto la Septemba na Oktoba huzidi kuifanya hewa iwe nyepesi. Injini inapungukiwa nguvu, ndege inahitaji njia ndefu zaidi ya kurukia. Mchana wa saa nane, visulisuli vikiwa vinazoa vumbi, mimi ningependa kuwa nimekaa chini ya mwembe.

Kigoma tunalijua ziwa. Mvuvi wa Kibirizi, mwalo wetu wa ziwani, akisema ziwa limechafuka, leo hashuki, hakuna anayemwita mwoga. Hata mchuuzi wa dagaa anayesubiri mzigo anaelewa. Lakini rubani akisema tusubiri, minong'ono inaanza. "Kaka, kwani huu nao ni upepo?" Mwingine ana kikao, mwingine ana watalii wanaosubiriwa kwenye hifadhi ya Mahale, mheshimiwa anaangalia saa. Rubani kijana, na mwenye ndege akiwa anampigia simu, ataona aibu kushikilia neno lake. Mashinikizo hayo hayaandikwi kwenye habari, wakati upepo unaandikwa kila mara.

Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, kinasema uchunguzi wa ajali za ndege lengo lake ni kuzuia ajali nyingine, si kumtafuta wa kulaumiwa. Nakubaliana nacho. Kuuliza nani alisema nini kabla injini haijawashwa si kumsulubu rubani; mara nyingi ni kumtetea.

Pendekezo langu linagusa mifuko. Wanaokodisha ndege ndogo waandike kwenye mkataba kiwango cha upepo ambacho kikipitwa hawaondoki, na waseme wazi nani analipia chumba cha abiria akilala Mwanga, hapa mjini Kigoma, usiku mmoja zaidi. Safari za asubuhi zipewe kipaumbele, kabla jua halijachemsha ardhi. Rubani naye alipwe siku yake hata kama ndege haikuruka.