Vibarua wa viza wanashusha mishahara ya mashambani? Anza na Marekani ya 1964

Kila ubishi wa wahamiaji ukianza kule Marekani hakosekani mtu wa kusema hawa vibarua wa kigeni ndo wanawaharibia wenyeji soko, zuia wasije uone kama mishahara ya mashambani haitapanda. Kwa haraka haraka inaingia akilini, maana watu wakiwa adimu bei ya kazi inapanda. Ila hii kitu walishaijaribu kweli, tena kwa ukubwa.

Mwaka 1942 vita imepamba moto, Marekani ikakubaliana na Meksiko kuleta vibarua wa mkataba, wakaitwa braceros. Vita ikaisha mpango ukabaki, mpaka unafungwa mwisho wa 1964 ilishasainiwa mikataba zaidi ya milioni 4. Hata Rais Kennedy alipousogeza mbele 1961 alikiri unawaumiza vibarua wa nyumbani. Haya, ukafungwa. Mishahara ikaruka? Wachumi Michael Clemens, Ethan Lewis na Hannah Postel walitoa utafiti 2018, wakalinganisha majimbo yaliyojaa braceros na yale ambayo hayakuwa nao kabisa, wakakuta mishahara ilipanda kote kote na kule walikoondolewa haikupanda zaidi ya kwingine.

Sababu ni kwamba mwenye shamba naye ana akili zake. Angalia nyanya za kiwandani California: watafiti wa chuo kikuu kule Davis walishatengeneza mashine ya kuvuna na pia nyanya yenyewe, ngumu, inayoiva kwa mpigo ili isipondeke kwenye mashine. Wakulima wengi hawakuwa na haraka nayo, ya nini wakati watu wapo? Braceros walipoondoka ndo wakaikimbilia, na ndani ya miaka michache karibu nyanya zote za kiwandani zikawa zinavunwa na mashine. Mazao yasiyo na mashine, kama asparaga na stroberi, mengine yakalimwa kidogo. Kwa hiyo kibarua mwenyeji aliyeahidiwa mshahara mnono akakuta kazi yenyewe imepungua.

Lakini mimi sikubali kwamba hapo kesi imeisha, maana wastani wa jimbo zima hauoni kila kitu. Mwaka 1965, kwenye mashamba ya zabibu ya Coachella kule California, serikali ilisema anayetaka kibarua wa kigeni, hata baada ya mpango wa braceros kufungwa, amlipe dola 1.40 kwa saa. Wafilipino wanaoishi pale pale Marekani wakawa wanapewa 1.25! Yaani mgeni kapangiwa kubwa kuliko mwenyeji. Wakagoma, wakaipata 1.40, msimu ukahamia Delano, humo humo California, wenye mashamba wakarudi kule kule chini, ndipo Larry Itliong, kiongozi wa vibarua Wafilipino, na wenzake wakaanza mgomo mkubwa Septemba, chama cha vibarua wenye asili ya Meksiko cha César Chávez kikaungana nao, na mikataba na wakulima wakubwa wa zabibu ikaja kusainiwa 1970. Braceros wangekuwa bado wapo, kuwagomea matajiri wanaoweza kuagiza watu kwa maelfu ingekuwa kazi ngumu zaidi, hilo wapinzani wa braceros waliliona vizuri.

Sasa leo kuna viza ya H-2A, ya vibarua wa kigeni wa msimu mashambani, iko toka 1986 na haina kikomo cha idadi, mwaka 2023 nafasi zilizoidhinishwa zilipita 370,000. Na kwa saa huyu mtu hakuwa wa bei chee hata kidogo: 2024 California kiwango chake cha chini kilikuwa dola 19.75 wakati kima cha chini cha jimbo kilikuwa 16, bado bosi alitoa nyumba na nauli. Wakulima walikuwa wanalia na hicho kiwango kila mwaka, na wadogo kweli kiliwabana.

Ila kama alikuwa ghali hivyo mbona walizidi kuagiza? Wenyeji wanaoitaka hiyo kazi ni wachache, sawa, lakini pia kibarua wa H-2A si rahisi aache kazi katikati ya mavuno. Viza imefungwa kwa bosi aliyemwombea, hahamii kwa mwingine mpaka huyo mpya naye amwombee kibali serikalini, na akilalamika sana mwakani anaweza asiitwe. Hapo ndo mwenyeji anapoumia kwa maoni yangu, kwa sababu akisema naomba nyongeza anajibiwa kiwango ni hiki hiki, na bosi anajua anaweza kuagiza wengine, basi kile kiwango cha chini kilichotakiwa kuwa sakafu kinageuka dari. Wakulima wamekuwa wakivutana na vyama vya wafanyakazi kiwango kishuke au kibaki, lakini mimi ningeanza na kumruhusu huyo mgeni ahamie kirahisi shamba la jirani akiahidiwa dola moja zaidi, hapo bosi asiyetaka kumpoteza ataongeza, na mwenyeji anayevuna naye mstari mmoja atakuwa na cha kudai.