Hakimu Alinywea Kabla ya Hukumu

Mama watoto amenipa notisi. Kuku wameanza kutaga kwenye siti ya tatu ya Peugeot 504 yangu, ile ndefu ya familia, na anasema tangu aolewe hapa ndiyo mara ya kwanza ameona gari hilo likileta kitu nyumbani badala ya kupeleka pesa kwa fundi. Anataka liuzwe kwa watu wa vyuma chakavu, ila kuku wabaki. Wabaki wapi? Hilo si swali lake.

Simlaumu sana. Yeye amezaliwa mjini, kwenye stima. Hajui kwamba gari hili ndilo lililokuwa likituonyesha televisheni.

Kwetu stima iliishia sokoni. Ukitaka kutazama VOK, stesheni ya taifa ya Kenya enzi hizo, ulihitaji televisheni ndogo ya Great Wall ya nyeusi-na-nyeupe, mlingoti mrefu wa antena, na mtu mwenye gari. Mwenye gari alikuwa mzee wangu, dereva wa Nakuru–Nairobi enzi ambazo Peugeot ndizo zilikuwa ndege za barabara ile. Anarudi jioni, kabla hajavua viatu boneti imeshafunguliwa, betri inabebwa sebuleni na watoto wawili, mmoja akilia kwamba asidi imemlia kaptura. Kaka yangu yuko nje anazungusha mlingoti.

"Imekuja?"

"Bado!"

"Na sasa?"

"Ilikuja ikaenda! Rudi ulikotoka!"

Ndani hakuna pa kukanyaga. Watu ambao wiki nzima hawakutusalimia wamekuja na stuli zao. Na betri ina kiasi chake, ila mzee lazima aanze na taarifa ya habari ya saa moja, mpaka mwisho, na hali ya hewa. Rais akiwa kwenye harambee, tunamtazama akipokea bahasha moja baada ya nyingine, na sisi tunahesabu kila bahasha kwa maji ya betri. Ndipo inafuata Vioja Mahakamani, vichekesho vya kesi za kuigiza. Kwota yuko kizimbani, anadanganya kwa Kiswahili chake kile cha kuchekesha hata kabla hajafika kwenye uongo wenyewe, sebule inatikisika kwa kicheko. Halafu pembe za picha zinaanza kusogea ndani. Hakimu ananywea. Anakuwa mdogo kama sanduku la kiberiti, anafungua mdomo atoe hukumu, pwi! Giza.

Mimi nina mvi sasa, na hadi leo kuna kesi sijui mshtakiwa alifungwa au aliachiliwa.

Asubuhi, bado giza, mzee anarudisha betri, anazungusha ufunguo, gari linakohoa mara moja na kunyamaza. Hakupaza sauti kuomba msaada. Alikuwa anasimama katikati ya njia na kutangaza: "Waliotazama jana watoke wasukume!" Hiyo ndiyo ilikuwa tiketi. Wanatoka wamejifunika mablanketi, wanabishana kuhusu hukumu huku wanasukuma, mzee ndani na gia ya pili, anaachia klachi, moshi mweusi, gari hilo, limeenda kutafuta abiria. Kulikuwa na jirani mmoja aliyekuwa akicheka kuliko wote usiku na kuugua mgongo kila alfajiri. Nilikuwa namwona. Mungu pia alikuwa anamwona.

Na lilikuwa gari, jamani. Wafaransa walichukua saluni wakairefusha sentimita 16 kati ya magurudumu, wakaweka springi nne za koili nyuma, mbili kila upande, na siti safu tatu. Kwenye karatasi ni watu saba pamoja na dereva. Karatasi ilikuwa Ufaransa. Barabarani hesabu ilikuwa nyingine, bado hujataja mbuzi kwenye keria. Ikifika Pasaka mzee alikuwa hazungumziki, kwa sababu ya Safari Rally, mashindano ya magari. Ove Andersson alishinda na 504 mwaka 1975, Jean-Pierre Nicolas akarudia mwaka 1978, na mzee alisimulia kana kwamba yeye ndiye alikuwa amekaa pembeni akisoma ramani. Ukimwambia ya Nicolas ilikuwa kupe, ile ya milango miwili, yenye injini ya V6, si hii yetu ya kubeba kabichi, unalala bila chakula.

Kisha ikaja Knight Rider, filamu ya mfululizo ya Marekani, ikatuharibu akili. Jamaa amevaa jaketi la ngozi anaongea na Pontiac nyeusi, na Pontiac inamjibu kwa adabu kuliko mtumishi wa serikali yeyote niliyewahi kumfikia dirishani. Tukamuuliza mzee mbona letu haliongei. "Liongee na nini," akasema, "na betri mmeichomeka kwenye televisheni?" Nilipokuja kumwona Columbo, yule mpelelezi wa koti lililokunjamana, anafika kwenye majumba ya matajiri wa Los Angeles na Peugeot 403 ya 1959 inayotoa moshi, nilitamani mzee angekuwa hai. Angenikumbusha hadi leo.

Sasa tazama hapa kwangu. Stima ipo. Skrini ukutani ina upana wa mlango, na haitazamwi na mtu. Mitambo ya analojia ilizimwa mwaka 2015, tukaambiwa tununue king'amuzi, nikanunua. King'amuzi nacho kinataka kulipiwa, nikalipa. Nimekaa nisubiri vichekesho, naambiwa kifurushi changu hakina hiyo chaneli. Binti yuko chumbani na simu yake, mvulana yuko kwenye kochi na yake, masikioni wameziba. Mvulana anacheka peke yake. Ukimuuliza kuna nini, anasema, "Mzee, huwezi kuelewa." Bando nimenunua mimi!

Mama watoto anataka niuze Peugeot nichukue Probox, ile Toyota ya kubebea kila kitu. Sina ubaya na Probox. Ndiyo mrithi halali. Juzi niliipanda kwenda sokoni, dereva amekaa nusu siti, nusu nyingine ina abiria, na gia inaingizwa na mtu wa tatu kwa maelekezo. Mzee angeheshimu kazi hiyo.

Jana amefika kijana mwenye kamera, anatafuta gari la kale la kupigia picha za harusi. Ameizunguka 504, akapapasa mlango, akasema ana bajeti nzuri. Akauliza kama linawaka.

Nikamwambia linawaka vizuri tu, swali ni wageni wa harusi ni wangapi na kama wanakuja na viatu vya kukimbilia.